Wanaume Nje, Wanawake Jikoni

Jumapili, 15 Septemba

Nimeolewa! Siku nane sasa, na bado nikiamka nageuka upande wa pili wa kitanda kama abiria anayehakikisha mzigo wake haujashushwa njiani. Yupo. Mihigo wangu yupo, amelala mdomo wazi kidogo, na hata hivyo ni mzuri kuliko wanaume wote wa kijiji chetu cha New Congo, na kambi nzima ya Nakivale, na kambi zote nilizopita tangu tutoke Kivu Kusini nikiwa mgongoni mwa mama.

Nimenunua daftari hili ili furaha isipotee. Naanza na maneno ya Mchungaji Musoni siku ya ndoa: tangu leo si wawili tena, ni mwili mmoja. Nililia mpaka poda ikafika kwenye kola. Mama mkwe wangu, Mama Mukandoli, alinishika kiuno mbele ya kanisa lote akatangaza, "Hapa fasi iko kubwa!" yaani nafasi ya wajukuu tele. Watu wakapiga vigelegele.

Jana tulikaa mlangoni tukila mahindi ya kuchoma na kuwapanga watoto wetu. Mimi nilisema sita. Mihigo akasema, "Sita ni muzuri, lakini tuongeze moya wa kubembeleza uzee." Basi saba. Sijui usiku nililala saa ngapi kwa raha.

Jumatano, 18 Septemba

Tumepata kazi, wote wawili, mahali pamoja! Kuna utafiti kuhusu familia. Wanataka watu waliomaliza sekondari, wanaojua Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza. Mungu anatupenda waziwazi.

Jumamosi, 21 Septemba

Tumerudi kutoka Mbarara, siku tatu za mafunzo huko Kakoba. Naiita fungate yetu. Mchana darasani, jioni tunatembea mkono kwa mkono kati ya bodaboda, tunakula chapati ya mayai, mashavu yanang'aa mafuta, hatujali.

Msimamizi wetu ni Bi Zaharah, mtoto wa Mbarara hasa, hijabu imebanwa kwa pini ya dhahabu, haongei mara mbili. Kazi iko hivi: katika kila nyumba iliyochaguliwa, mwanaume anamhoji mwanaume nje, na mwanamke anamhoji mwanamke jikoni, kwa wakati mmoja, wasisikiane. Kwa hiyo tutaingia kila nyumba pamoja, mke na mume, kama ndege wawili! Tulitia sahihi karatasi kwamba majibu hatutamwambia mtu yeyote.

"Mutu yeyote," alisema Bi Zaharah, akiniangalia mimi. "Hapana bwana. Hapana mama. Hata kwa sala hapana taja, Mungu nasikia tayari."

Tulicheka sana.

Jumanne, 24 Septemba

Siku ya kwanza. Nyumba nne. Swali ninalolipenda kuliko yote ni la thelathini na moja: "Kama ungerudi wakati ule ambapo hujapata mtoto hata mmoja, na ungeweza kuchagua mwenyewe, ungechagua watoto wangapi katika maisha yako yote?" Nalisoma kama naimba. Mama mmoja mzee kidogo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kurudi? Nirudi wapi, mutoto? Na njia yenyewe ulishaona?"

Mvua imeanza. Maharagwe yetu yamepandwa kwa wakati.

Alhamisi, 26 Septemba

Nyumba tano. Matope. Mihigo alinibeba kuvuka mfereji mbele ya watu!

Jumatatu, 30 Septemba

Leo niandike kwa utulivu.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Yonatani, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani kwetu, mtu mpole, na mkewe Mukeshimana. Mihigo na Yonatani walikaa nje kwenye benchi, upande wa mikaratusi. Mimi nikaingia jikoni. Mukeshimana alikuwa anamenya mihogo na mtoto wa mwisho anamvuta sketi. Wana wanne: wasichana watatu na mvulana mmoja.

Nikamsomea swali langu.

"Bawili," akasema.

"Lakini uko na wanne, mama."

"Ulisema nianze upya, ama hukusema?"

Nikaandika wawili. Nikafika kwenye maswali ya uzazi wa mpango, kama kuna njia wanayotumia. Akaacha kumenya. Akaangalia mlango. Kisha akapiga kofi dogo begani kwake, juu ya mkono.

"Sindano. Miaka mbili sasa. Kila miezi tatu nabeba beseni ya mahindi, nasema naenda ku mashini. Mashini iko karibu na hospitali. Nasagisha kweli, narudi na unga kweli. Bwana hajui." Akaendelea kumenya. "Usiandike kwa sauti kubwa."

Njiani kurudi Mihigo alitembea mbele yangu, kichwa chini. Nikamuuliza, akasema ameahidi kutosema, kisha akasema. Yonatani alipoteza ndugu watatu, waliuawa siku moja, milimani kwetu. Mvulana wake amepewa jina la wa kwanza. Yamebaki majina mawili, Thaddée na Natanaeli, na Yonatani anasema yanasimama mlangoni kama wageni walionyeshewa mvua. Kila Jumatano hafungui kinywa kwa chakula, anafunga ili Mungu afungue tumbo la mkewe. Mwaka mzima. Mama yake anamwambia mke amerogwa.

"Nilitaka kulia pale ku benchi," Mihigo alisema.

Nilikuwa nimebeba nusu yangu ya habari ile kama yai ndani ya kitenge. Na mume wangu ana huzuni. Na "mtu yeyote" ni nani? Mihigo si mtu yeyote. Mihigo ni mimi. Nikamwambia kuhusu beseni la mahindi.

Alisimama katikati ya njia. "Ee Yesu," akasema. Kisha tukashikana mikono tukatembea, na nakiri hapa kwamba niliona utamu: sisi wawili peke yetu duniani tunaijua nyumba nzima, nje na jikoni.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nyumba sita. Sauti imekauka.

Jumatano, 9 Oktoba

Mihigo anarudi na majibu ya wanaume kama mtu anayetoka kilioni. Mzee mmoja alimwambia, "Andika kumi na mbili: bane ba kwenda Amerika, bane ba kulima, bane ba kunizika." Mihigo alinisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka. "Ni kweli, Orpa. Huyu mzee alizika mwenyewe watu tisa, hakuna aliyemsaidia kuchimba."

Mimi narudi na majibu ya jikoni. Leo mama mmoja alinionyesha miguu iliyovimba, ana mimba ya saba. "Mupe bwana abebe hii moya tu," akasema, "halafu urudi na swali yako."

Si wote. Kuna mwanamke aliyeolewa mara ya pili, ana watano wa kwanza, anataka wengine watatu upesi. Mume mpya bila mtoto wake, alisema, ni kama hema bila kigingi. Na mumewe nje alisema wawili wanatosha. Kwa hiyo si kwamba wanaume wote hivi na wanawake wote vile. Lakini nikijumlisha wiki mbili, benchi linataka wengi kuliko jikoni, na mimi nimekaa jikoni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Palizi ya kwanza asubuhi, nyumba nne mchana. Mgongo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama Mukandoli alikuja kutuangalia. Aliangalia kiuno changu kwanza, uso baadaye. "Mwezi na kitu," alisema. "Unakunywa nini asubuhi?" Nikasema chai. Akasema, "Acha chai."

Mihigo alicheka naye. Zamani, yaani mwezi uliopita, ningecheka pia. Walipotoka nilijiuliza swali la thelathini na moja kwa sauti ile ile ninayotumia kazini. Jibu lilikuja haraka, na halikuwa lile la mlangoni na mahindi ya kuchoma. Sikumwambia. Tunaambiana habari za nyumba zote za New Congo, ila nyumba moja.

Jumatano, 23 Oktoba

Amemwambia.

Mihigo amemwambia Yonatani. Naandika sentensi hii mara mbili ili niione vizuri: mume wangu amemwambia Yonatani.

Walikutana kisimani asubuhi. Yonatani alikuwa amefunga, leo ni Jumatano, midomo imepauka, na alikuwa amebeba madumu mawili akayumba. Mihigo akamshika mkono. "Nilimwambia aache kufunga," anasema. "Nilimwambia tu asijiue na njaa kwa kitu ambacho Mungu hakukifunga."

"Ukamwambia kimefungwa na nani?"

Akaanza kukwangua matope kwenye kiatu.

"Mihigo. Ulimwambia?"

"Alikuwa analia, Orpa. Mwanaume mkubwa. Weye ungefanya nini?"

Nilitaka kumpigia kelele, lakini kelele yangu ilifika mahali ikakuta mimi mwenyewe nimesimama pale njiani na yai langu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua siku nzima. Nguo za Mukeshimana zilikuwa nje, juu ya uzio, toka asubuhi. Yonatani hakumpiga, majirani wote wanasema hivyo kama sifa. Alimfungia tu nje, akakaa ndani na watoto watatu, akaimba. Nilipita na tableti yangu ya kuandikia majibu kwenye mfuko wa plastiki. Sikusimama.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nilimkuta barabarani akingoja gari la kwenda Endiinzi kwa dada yake, mtoto mdogo mgongoni. Nilitaka kupita. Aliniita.

"Dada wa maswali! Kuya hapa."

Nikaenda. Nikaanza kusema nisamehe, nikakosa pa kuanzia.

"Nilikuambia weye peke yako," alisema. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyefua nguo za nyumba nzima na mvua ikanyesha. "Miaka mbili sikumwambia hata dada yangu. Nikakuambia weye juu uliuliza muzuri. Ulikuwa na sauti ya mutu anataka kujua."

"Nilitaka kujua, mama."

"Ndiyo. Na kisha ulikuwa na bwana wa kupelekea zawadi."

Gari likaja. Akapanda. Sikuwa hata na mwavuli wa kumpa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nyumba mbili tu zilitufungulia. Kwenye nyumba ya tatu mwanamke alisema kupitia dirishani, "Redio imefika, zimeni moto tulale." Majirani wakacheka. Mihigo alitazama viatu vyake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nyumba moja.

Jumanne, 5 Novemba

Tunakula, tunalala, tunasema "habari ya kazi" na "salama". Mihigo amekonda. Sikujua kwamba mtu anaweza kumhurumia mume wake na kutotaka amguse mkono, katika saa ile ile moja.

Usiku wa kuamkia leo aliniuliza gizani, "Na weye? Nawe unapiga sindano?"

"Hapana."

"Ungeniambia?"

Nilifikiri kwa uaminifu. Nikasema sijui.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo wazee wa kanisa wamekaa. Nitaandika yote.

Yonatani ndiye aliyeomba kikao. Anataka mkewe arudi, lakini akiri mbele ya kanisa na aache sindano. Ujumbe wa Mukeshimana kutoka Endiinzi jana ulikuwa mfupi: atakuja. Mama Mukandoli alikuwepo kwa ajili ya kina mama. Mvua ilipiga mabati mpaka Mchungaji Musoni akawa anapaza sauti kama anahubiri, ingawa alikuwa anauliza tu.

Aliniita mimi wa kwanza. Kazini niliingia jikoni mwa mama huyu. Je, aliniambia kwamba anapigwa sindano?

Nilikuwa nimekesha na swali hilo wiki nzima. Nikisema ndiyo, siri aliyonipa jikoni naitoa mara ya pili, safari hii madhabahuni. Nikisema hapana, nadanganya kanisani na mume wangu anakuwa mwongo mbele ya mama yake. Nilimwangalia Mukeshimana. Alikuwa anamfunga mtoto wake kamba ya kiatu.

"Hapana, Mchungaji," nikasema. "Nilimuuliza, akasema hatumii kitu."

Mama Mukandoli alivuta pumzi. Sikumwangalia Mihigo.

"Mihigo," Mchungaji akasema, "basi weye ulitoa wapi yale maneno?"

Nilijua angeweza kunimaliza kwa neno moja, na lingekuwa neno la kweli. Alisimama, kofia mkononi.

"Nilichanganya nyumba, Mchungaji. Siku ile tuliingia nyumba mingi."

Miezi miwili iliyopita ningeandika ukurasa mzima wa maua juu ya sentensi hiyo. Leo naandika tu kwamba nilikaa.

Lakini Yonatani aliruka. "Ulichanganya? Uliniita jina langu! Ulinishika mukono, ukaniambia, kaka, acha kufunga! Ulichanganya?"

Wazee wakaanza kusema wote. Ndipo Mukeshimana akainuka, mtoto kiunoni.

"Mubaache bale batoto," alisema. "Hata kuongopa habajui."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa.

"Ni kweli. Nilipiga sindano miaka mbili. Mwezi ujao siku yangu inafika, nitaenda tena, na safari hii sitabeba mahindi."

Hata mvua nadhani ilisikia. Yonatani hakupiga kelele tena. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama wako wawili tu nyumbani:

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Mara ya kwanza tulikuwa tunapanda mihogo, ukasema Mungu atasaidia. Mara ya pili nilikuwa na huyu mugongoni, ana wiki sita, ukasema tuombe, tukaomba. Mara ya tatu ukasema Thaddée na Natanaeli bananyeshewa inje." Akahamisha mtoto upande mwingine. "Bale ndugu yako nabalilia miye pia, Yonatani. Nilikula ku meza yabo. Lakini si miye nilibaua, na si miye nitabarudisha."

Yonatani alikaa. Akafunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimwangalia mtu yule ambaye nimemchukia wiki tatu, nikaona mabega tu, mabega ya mtu aliyebeba watu watatu tangu ujana bila mahali pa kuwatua. Sikuweza kumchukia tena, na sikuweza kumtakia apate anachotaka.

Mchungaji aliomba, sala ndefu isiyoelekea popote. Hukumu: mume na mke warudi nyumbani wakazungumze. Orpa na Mihigo, kwa kusema uongo mbele ya madhabahu, wasiimbe kwaya mpaka Pasaka. Mama Mukandoli alitoka bila kutuaga.

Mukeshimana alinipita mlangoni. Akasimama.

"Ulifanya vibaya," alisema. "Na leo ulifanya vibaya tena, lakini kwa ajili yangu." Akafunika kichwa cha mtoto akaingia kwenye mvua.

Jumatatu, 18 Novemba

Bi Zaharah alifika na gari la ofisi kuchukua tableti. Anajua kila kitu. Hakugomba.

"Mimi nafanya hii kazi miaka kumi na moja," alisema. "Watu nafikiri siri ni kufunga mdomo kwa adui. Adui ni rahisi." Akahesabu chaja, akaziweka kwenye kiboksi. Mlangoni akageuka. "Banange, jamani, nyinyi wawili mlikuwa naandika vizuri."

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatano, 27 Novemba

Mukeshimana amerudi kwake. Baada ya kikao alikwenda tena kwa dada yake, na Yonatani alimfuata Endiinzi kwa baiskeli. Hatujui walizungumza nini, na mara ya kwanza katika maisha yangu sitaki kujua.

Jumatatu, 9 Desemba

Asubuhi Mukeshimana alipita barabara kuu kuelekea hospitali, mikono mitupu, kadi yake ya sindano ameishika wazi kama tiketi. Watu walisimama milangoni. Yonatani alikuwa anapalilia mihogo upande wa barabara. Hakumsimamisha. Hakumwangalia pia. Aliendelea kupiga jembe mahali pale pale mpaka mkewe alipopotea kwenye kona, nafikiri alipalilia shina moja mara ishirini.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua inaisha. Tumeanza kung'oa maharagwe, mimi na Mihigo, mstari wake na mstari wangu. Mengine yameoza chini kwa unyevu, lakini kuna ya kula. Hatukuwa na la kusema, kwa hiyo tulifanya kazi vizuri.

Mama Mukandoli alipita na kuuliza kutoka barabarani kama bado nakunywa chai. Mihigo alimjibu, "Anakunywa, mama." Akaenda zake.

Katikati ya mstari wa pili mgongo ulikataa. Nikasimama, mikono imejaa udongo, na nikaona kwamba nikisubiri saa nzuri ya kusema, nitaishia kuficha kama Mukeshimana alivyoficha, na mwisho nitasema mbele ya wazee.

"Mihigo."

"Mm."

"Mimi nataka wawili. Si sasa. Mwaka ujao pengine, au baadaye. Na wawili tu."

Hakuacha kung'oa. Aling'oa mpaka mwisho wa mstari, akatikisa udongo, akapanga mafungu. Nilimngoja. Nilikuwa nimechoka mno hata kuogopa. Aliporudi upande wangu alijipangusa uso kwa mkono wa shati.

"Miye ninataka mingi," alisema. "Ninataka hata leo. Nikisema bawili nitakuwa nakuongopea."

"Usiniongopee."

"Basi ni hivyo."

"Basi ni hivyo," nikasema.

Tulisimama hapo, kila mmoja na jibu lake, hakuna wa kuyaandika. Kisha akaangalia mlimani, ambako wingu moja la mwisho lilikuwa linajikusanya, akasema tufanye haraka kabla ya kuloweshwa. Akainama kwenye mstari wangu, upande ule mwingine, tukaendelea kung'oa.